Kuufua ukurasa mmoja wa hadithi

Hadithi nyingi za Kiswahili zinazoachwa njiani haziachwi kwa ubovu wa kisa. Kisa huwa kizuri tu: pana wizi, pana mapenzi, pana shamba la urithi linalogombewa. Kinachomchosha msomaji ni kitenzi. Anakutana na “alikuwa”, anakutana nalo tena, la tatu halimalizi, anaiweka simu kando na kwenda zake. Ukimuuliza atakwambia hadithi haikumvuta. Mwandishi akisikia hivyo anakwenda kuongeza maiti ya pili.

Basi tuchukue ukurasa mmoja tuufue. Kisa chake ni kidogo. Kijana anaitwa Bakari, wa Ngamiani, Tanga. Ameuza cherehani ya mama yake bila kumwambia, na sasa ni jioni, anarudi nyumbani. Rasimu ya kwanza, kama inavyotoka mikononi mwa wengi, ni hii:

“Bakari alifika nyumbani mnamo saa kumi na mbili jioni. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti. Alikuwa amevaa kanga. Alikuwa anapepeta mchele katika ungo. Bakari aliweka mikono yake katika mifuko yake. Alimtazama. Alijua kwamba anajua. Ghafla alihisi hofu kubwa sana moyoni mwake.

‘Shikamoo mama,’ alisema Bakari kwa hofu.

‘Marahaba mwanangu, habari za kutwa?’ alijibu mama kwa ukali.

‘Nzuri mama, za hapa?’

‘Nzuri tu. Umekula?’

‘Bado mama.’

‘Cherehani iko wapi?’ aliuliza mama kwa hasira.”

Ni maneno 72 na mwalimu wa sarufi hana pa kutia kalamu nyekundu. Hadithi ndiyo haipo.

Rasimu mbovu ya namna hii si aibu, na wala haifai kuogopwa. Inatakiwa iwepo kwanza ndipo ifuliwe, kwa hiyo kabla ya kuigusa tuseme inavyopatikana.

Kibaba cha siku

Kwa mtu mwenye kazi nyingine, kiasi kinachobebeka ni maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki. Hiyo ni kama ukurasa mmoja wa A4 na kidogo, ukiacha nafasi mbili kati ya mistari. Kwa mwendo huo hadithi fupi ya maneno 3,000 inapata rasimu ndani ya wiki mbili, na riwaya ya maneno 50,000 inataka wiki 34 hivi, yaani miezi minane. Anayejipangia maneno 2,000 kwa siku huandika Jumamosi mbili. Ya tatu kuna msiba, ya nne kuna harusi, na daftari halifunguliwi tena.

Usijipime kwa hesabu za waandishi wa Kiingereza. “Hatukumwambia” ni neno moja, na ndani yake mmo waliotenda, wakati, ukanushi na aliyetendewa. Mwingereza angelihesabu kuwa manne au matano. Kwa hiyo maneno 300 ya Kiswahili yana uzito zaidi ya 300 ya kwao, na aliyesoma mahali kwamba mwandishi hodari huandika 1,000 kila alfajiri asijione mvivu. Jambo hilo hilo liangaliwe unapotuma kazi kwenye mashindano, iwe Tuzo ya Safal-Cornell, ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, au Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kule Tanzania. Soma masharti ya mwaka huo huo, uone kama wanahesabu maneno au kurasa. Masharti ya mwaka jana uliyotumiwa na rafiki hayakusaidii.

Simama ukiwa bado una la kusema. Bakari amefika mlangoni, unajua atakachoambiwa. Acha hapo, andika mstari mmoja wa kukumbusha (“mama haulizi kuhusu cherehani”), funga. Kesho usianze kusoma toka mwanzo. Soma ukurasa wa mwisho tu, endelea. Anayeanza na ukurasa wa kwanza kila siku huusugua mara arubaini ukang’aa kama sinia, na wa tisa hauandikwi.

Wengi siku hizi huandikia kwenye simu, na simu si mbaya, ila mambo mawili yafanywe mapema. Zima ule usahihishaji wa kibodi unaojiendesha wenyewe, maana ukiwa umewekwa Kiingereza hukugeuzia maneno chini ya kidole na hugundui mpaka kesho. Na kila ukimaliza jitumie nakala kwa baruapepe ikiwa na tarehe kwenye jina lake, wala usiifute ya jana. Simu huanguka majini, huibwa kwenye daladala, na sentensi uliyoikata Jumanne huja kutakiwa Ijumaa.

Pembeni kuwe na daftari, la karatasi, la kurasa mia tu. Humo unaandika umri wa kila mhusika, nani anamwita nani nini, nyumba imeelekea wapi, mvua ya mwisho ilinyesha lini. Hata ngeli andika. Wapo wasemao “cherehani yangu” na wapo wasemao “cherehani changu, vyerehani vyetu”, na wote utawasikia mtaa mmoja. Chagua. Hadithi ambayo cherehani ni “yake” ukurasa wa pili na “chake” ukurasa wa sita humfanya msomaji adhani ziko mbili.

Msumari na uzi

Sasa turudi kwa Bakari. Kazi ya kwanza ni viambishi vya wakati, na hapa nitakaa sana, kwa sababu ndipo penye mali.

“-li-” hupigilia msumari: jambo limetokea, lile pale. “-ka-” hufunga uzi kwenye msumari huo na kuuvuta mbele. “Alifika, akavua viatu, akaita.” Ukiandika “Alifika. Alivua viatu. Aliita” umepigilia misumari mitatu na msomaji amesimama mara tatu. Rasimu yetu imejaa misumari. Lakini usikimbilie upande wa pili, maana “-ka-” sita mfululizo huugeuza ukurasa kuwa ngano, akaenda akamkuta Sungura akamwambia. Tatu au nne zinatosha, kisha kata: weka kauli ya mhusika, au sentensi isiyo na kitenzi, au “-li-” mpya.

“-ka-” pia inaahidi mfuatano, na ahadi hiyo ina athari ya maana. “Aliketi akalia” ni kwamba kukaa kulitangulia, kilio kikafuata, pengine kukaa ndiko kulikokilegeza. “Aliketi akilia” ni kwamba alikuja na kilio chake. Hayo ni maombolezo mawili tofauti. Mwandishi asiyeangalia huyachanganya na kisha hushangaa mbona tukio halimtoi mtu machozi.

Jambo jingine ambalo sarufi za shule hulitaja kwa mstari mmoja: katika masimulizi “-ka-” haina ukanushi wake. Ukitaka kukanusha inabidi utoke kwenye uzi. “Akaingia, akaketi, akavua kofia, hakusema neno.” Sikia jinsi “hakusema” inavyogonga. Mnyororo umekatika pale pale ambapo mtu amenyamaza. Lugha imekupa pigo hilo bure, na liwekwe mahali panapostahili, isiwe kila aya.

Halafu “alikuwa”. Rasimu inazo tatu mfululizo, alikuwa amekaa, alikuwa amevaa, alikuwa anapepeta. Ukishapata kitenzi kimoja cha “-li-” chenye nguvu ya kushika wakati, hali nyingine zote zinaweza kuning’inia hapo bila msaada: “Alimkuta mama yake amekaa upenuni, amejifunga kanga, anapepeta mchele.” Tatu zote zimekwenda na hakuna aliyepotea, “alimkuta” imebeba wakati wa sentensi nzima. Unaweza kwenda mbele zaidi: “Alimkuta mama yake upenuni, kanga kifuani, ungo mapajani.” Kitenzi kimoja tu. Na huo si ushairi wa kujitutumua, ndivyo watu wanavyosema kila siku: nimemkuta mkono shavuni, kaingia kofia mkononi.

Kwenye faili zima, tafuta neno “alikuwa” kwa kile kitufe cha kutafutia. Katika hadithi ya maneno 3,000, zikizidi kumi na tano pana kazi ya asubuhi nzima.

“Hu-” ni kiambishi kinachodharauliwa, nacho ndicho kinachotengeneza mshangao kwa bei rahisi kuliko vyote. Ukurasa mmoja kabla, andika: “Mama Bakari hupepeta mchele asubuhi, kuku wakimzunguka miguuni.” Basi. Jioni Bakari akimkuta anapepeta, msomaji anajua kuna jambo bila kuambiwa. Mazoea yakishawekwa, kuvunjika kwake ndiyo habari. Kumbuka tu kwamba “hu-” haibebi nafsi, kwa hiyo mwenye mazoea asikae mbali na kitenzi, la sivyo “huamka saa kumi” itakuwa ya mama, ya jirani au ya jogoo.

Kuandika kwa “-na-” tangu mwanzo hadi mwisho, “Bakari anafika, anavua viatu”, kunawezekana na wapo waandishi wanaopenda kuandika hivyo. Kunafaa hadithi fupi sana. Zaidi ya kurasa tatu mkono huteleza wenyewe kwenye “-li-”, na mteremko huo mwandishi hauoni, msomaji anauona.

Na “kaja”? Katika mazungumzo ya pwani na Dar es Salaam, “Juma kaja” ni “Juma amekuja”. Iache ndani ya alama za usemi. Ukiivusha kwenye masimulizi inagongana na “akaja”, ambayo ni kitu kingine.

Nani alijua kwamba nani anajua

“Alimtazama. Alijua kwamba anajua.” Kiswahili hakitofautishi mke na mume katika nafsi, na hapa watu ni wawili, kwa hiyo msomaji ana njia nne za kuielewa sentensi ya maneno matatu. Wengine hukimbilia “yeye”: yeye alimtazama. Haisaidii, na inaongeza chumvi mahali pasipotaka, kwa maana “yeye” wetu hutumika kwa kulinganisha, yeye na si mwingine. Dawa zilizopo ni za nyumbani. Kuna jina. Kuna jina la undugu. Kuna “yule” na “huyu”, ambavyo humweka mmoja mbali na mwingine karibu. Kuna kauli ya kutendwa: “akatazamwa”. Na kuna “mwenzake”, neno ambalo sijui lugha nyingine hufanyaje bila yake: “Hadija alimtazama Zuhura, akajua mwenzake anadanganya.” Hapo hata mtoto hapotei.

Upungufu huo huo ni neema ukitaka kuficha. Unaweza kumtembeza mhusika kurasa mbili, msomaji hajui ni mume au mke, na hujadanganya hata neno.

Kisha mikono. “Aliweka mikono yake katika mifuko yake.” Ya nani mingine? Sentensi hii ina Kiingereza chini yake ingawa kila neno ni la Kiswahili. Sisi viungo vya mwili hatuvipi hati ya kumiliki: tunatia mikono mifukoni, tunamshika mtu mkono, kichwa kinamuuma, anafumba macho. “Akafungua macho yake” ni “akafumbua macho”. Pitia rasimu ukitafuta “yake”, “wake”, “lake”. Nusu zitaondoka na sentensi itasimama vizuri zaidi.

“Katika” nayo ipunguzwe. Tuna “-ni” ya mahali: upenuni, mapajani, mifukoni, mlangoni, kisimani. Vivyo hivyo “ambaye”. “Mtu ambaye alinunua cherehani” ni “mtu aliyenunua cherehani”, na silabi mbili zimeokolewa. Na “mnamo”, “aidha”, “hata hivyo” ni maneno ya taarifa ya habari. Mama yake Bakari hajafika “mnamo” popote.

Vitenzi vyenyewe viwe mahususi, kwa sababu sifa tunazo chache na vitenzi tunavyo vingi. Mtu “habebi” tu. Hujitwika kichwani, hueleka mtoto, humpakata, hufutika noti kiunoni. “Hali” tu, bali hutafuna, humumunya, hufakamia, hudokoa nyama jikoni kabla chakula hakijaiva. Atakayeandika “Bakari alidokoa” hahitaji kuongeza “kwa siri”. Tanakali za sauti nazo ni silaha ya namna hiyo hiyo, kuanguka tifu mchangani si sawa na kuanguka chubwi majini, lakini moja kwa kurasa mbili inatosha. Zikizidi unawasomea watoto.

Kuku wamelala

Rasimu inasema saa kumi na mbili jioni. Twende tukakague. Karibu na ikweta jua huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Pwani ya Tanzania ni kati ya saa kumi na mbili na robo na kuelekea saa moja. Baada ya hapo mwanga wa machweo hautimizi nusu saa, giza limeshuka. Mwandishi anayewaweka wapenzi ufukweni wakitazama machweo kurasa sita ameazima jua la nchi za baridi.

Kwa hiyo saa kumi na mbili kamili jua bado lipo. Bakari akifika magharibi, mwanga ni haba. Katika mwanga haba mama hawezi kuchagua mchele, maana mawe hayaonekani. Kupepeta anaweza, mikono inajua yenyewe. Kuku je? Wameshapanda kulala. Ukiwaweka miguuni pake saa hiyo, msomaji aliyewahi kufuga atakuacha hapo hapo. Lakini ona tulichopata bila kukitafuta: asubuhi anapepeta kuku wakiwepo, jioni hii anapepeta peke yake. Ukaguzi wa kweli ndogo ndogo mara nyingi hukuletea tukio.

Ndivyo pia kwa bahari. Ukiandika hadithi ya wavuvi au ya kina mama wa mwani, weka mwezi na maji katika daftari moja. Bamvua, yaani maji yajaayo na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji hujaa na kupwa takriban kila saa sita, na kila siku huchelewa kwa kama dakika hamsini kuliko jana. Huwezi kuwa na mwezi mpevu sura ya pili, na usiku huo huo maji mafu sura ya tatu. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na jahazi halishuki kutoka Arabuni kwa upepo wa kusi, utokao kusini.

Saa zenyewe zina mtego. Anayepanga hadithi yake kwa tarakimu za simu huandika 7:00 kisha akaisoma “saa saba”, na mhusika aliyetakiwa aondoke asubuhi anaondoka jua la utosi. Na ukimpa mzee wa pwani neno “usiku wa Ijumaa”, kumbuka kwake siku huanza jua likizama, kwa hiyo anazungumzia usiku ambao kijana wa mjini anauita Alhamisi. Waandishi wa hadithi za upelelezi, hapo pana kisa kizima kimelala.

Salamu inayochelewa

Salamu zetu ni ndefu, na katika rasimu zimekula mistari minne bila kitu kusogea. Ushauri unaotolewa mara kwa mara ni kuzifuta, mazungumzo yaanze katikati. Siukubali. Mtoto anayeingia kwa mama yake bila shikamoo ni tukio kubwa kuliko cherehani. Ukizifuta unaandika watu wasiotoka popote.

Kinachotakiwa ni kuitafuta sehemu ya salamu iliyovunjika, uibakize hiyo. Nani hakuanza? Nani alijibu “marahaba” akakata bila “mwanangu”? Aliyezoea kuuliza habari za kutwa leo hakuuliza. Katika ukurasa wetu ugomvi wote unaweza kukaa kati ya shikamoo na marahaba, kwa kuziachia nafasi. Nafasi hiyo usiieleze kwa “baada ya muda mrefu”. Ijaze kwa kitu kinachoweza kuhesabiwa.

Ukishafanya hivyo, “kwa hofu”, “kwa ukali” na “kwa hasira” hazina kazi. “Alisema” na “aliuliza” zinatosha, na watu wakiwa wawili hata hizo zipungue. “Ghafla alihisi hofu kubwa sana moyoni mwake” inaondoka nzima. Ghafla moja kwa hadithi, na iwe ya kweli. Badala ya kuitaja hofu mpe kijana tendo dogo la mwili. Usimwendeshe moyo mbio wala kumkausha mate, hayo yamechakaa kwa kushikwa na kila mtu.

Methali kwenye mazungumzo ziandikwe kama zinavyosemwa. Watu wazima husema nusu: “Asiyesikia la mkuu…” na kunyamaza. Mhusika anayeimaliza methali yote, kisha akaifafanua, ni mtihani wa fasihi. Kanga pia husema, na mama anaweza kumjibu mtu kwa jina la kanga aliyojifunga bila kufungua mdomo. Lakini angalia usilazimishe: jina liko chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, na aliyejifunga kifuani akakaa na ungo mapajani, maandishi yamekunjamana. Bakari hawezi kuyasoma, hasa gizani. Silaha hiyo iwekwe kwa siku nyingine, mchana, mama akiwa amesimama.

Lahaja ni suala la kipimo. Mmombasa wako aseme “wataka nini”, wa Dar aseme “unataka nini”, na chagua alama mbili tatu za namna hiyo uzishike mpaka mwisho. Ukijaribu kuinakili lafudhi yote, msomaji wa mbali anapotea na wa karibu anakukosoa. Yaliyo muhimu zaidi ni maneno yanayobadili maana kwa kuvuka mpaka. “Bibi” kwa Mtanzania ni mama wa mzazi wako. Kwa Wakenya wengi, mtu akisema “bibi yangu” anamtaja mkewe, na mama wa mzazi ni “nyanya”. Hadithi ya mtu aliyelala nyumbani kwa bibi itasomwa namna mbili.

Kwa sauti

Rasimu ikishafuliwa hivyo, ilaze. Hadithi fupi siku tatu, si chini. Kisha isome kwa sauti, umesimama, mlango umefungwa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sentensi tatu zinazoishia kwa neno la urefu mmoja huanza kupiga ngoma usiyoiomba. Weka alama kwa penseli pale ulimi unapojikwaa, usisimame kusahihisha. Ukisimama utasahau ulivyosikika. Ukimaliza rudi kwenye alama tu.

Ukurasa wa Bakari, baada ya mizunguko mitatu, umefika hapa:

“Bakari alimkuta mama yake upenuni, kanga kifuani, ungo mapajani. Jua limeshazama na taa haijawashwa, lakini mchele uliruka na kutua pale pale ulipotakiwa. Akatia mikono mifukoni, akaitoa.

‘Shikamoo mama.’

Ungo ukapanda mara tatu.

‘Marahaba.’

Akachuchumaa kando ya mlango. Kutoka hapo aliona mpaka ndani: kitanda, mkeka uliokunjwa, na kwenye saruji, chini ya dirisha, alama nne za miguu ya cherehani. Pamefagiwa.

‘Umekula?’ aliuliza mama.”

Hakuna cherehani iliyoulizwa. “Umekula?” ilikuwemo tangu rasimu ya kwanza, imejificha katikati ya salamu kama kijazio, na ilibidi mistari mitatu iliyoizunguka iondoke ndipo isikike. Bado kuna neno moja linalosumbua, “mpaka”, katika “aliona mpaka ndani”. Linaweza kukaa au kutoka. Na “limeshazama” inafuatwa na “uliruka”, wakati umeteleza kidogo. Wengine wataipenda hivyo, wengine wataandika “lilikuwa limeshazama” na kuirudisha ile “alikuwa” kwa mlango wa nyuma. Kesho asubuhi, kabla ya maneno 300 mapya, ndilo la kuamua.